SOMO LA BUSTANI: PILIPILI KALI HUANZIA KWENYE MBEGU



Katika toleo hili tunaendelea na masomo ya bustani ya nyumbani. Safari hii tunajifunza pilipili kali: ile ndogo nyembamba iitwayo pilipili kichaa, na ile nene yenye mikunjo iitwayo pilipili mbuzi. Majirani zetu Waganda husema kamulali.

Huenda mtu akauliza, "Pilipili haishibishi, kwa nini tuipe somo zima?" Ni kweli haishibishi. Lakini mwaka 2025 mgawo wa chakula ulikatwa kwa watu wengi hapa Uganda kwa kukosa fedha, na katika nyumba nyingi ni maharage yaleyale na ugali uleule siku saba za juma. Pilipili kidogo juu ya sombe au ndagala humfanya mzee aliyekosa hamu amalize sahani yake. Tena ni zao linalokubali kiwanja kidogo, linauzwa kwa mafungu, na likikaushwa linaweza kungoja bei nzuri. Fedha yake ni ndogo, lakini ni ya chumvi na sabuni.

Sababu ya pili ya somo hili ni jambo tulilolitazama kwa muda mrefu. Nyumba inapanda pilipili, mwaka wa kwanza inavuna vizuri. Mwaka wa pili miti inakuwa midogo na matunda machache. Mwaka wa tatu hakuna kitu. Hapo maneno huanza: udongo umechoka, au jirani ana jicho baya. Wapendwa, mara nyingi mchawi hayupo. Tunda zuri kuliko yote liliuzwa, la pili kwa uzuri likaliwa, na lile dogo lililosahauliwa mtini ndilo likawa mbegu. Ukifanya hivyo miaka mitatu, umechagua udhaifu mara tatu. Kwa hiyo neno kuu la somo hili ni moja: mbegu ichaguliwe kwanza, kabla ya kuuza na kabla ya kula.

1. MMEA HUU NI MGENI KAMA SISI

Wengi wetu tunadhani pilipili ni ya Afrika tangu mwanzo. Sivyo. Jamii zote za pilipili kali zilitoka Amerika ya Kusini na ya Kati. Watu wa huko walizilima maelfu ya miaka kabla Christopher Columbus hajafika katika visiva vyao mwaka 1492. Wareno na wafanyabiashara wengine wakazivusha bahari, na katika karne ya 16 zikaenea pwani za Afrika na Asia. Pilipili mbuzi ina jina la kitaalamu linaloitaja China, kwa sababu mtaalamu aliyeipa jina hilo mwaka 1776 alidhani imetoka huko. Alikosea, asili yake ni upande wa Amazon.

Basi mmea huu ulifika bila ndugu, ukapewa jina la makosa, na leo hakuna soko la Kivu wala la Uganda lisilokuwa nao. Uliota mizizi mahali ulipotua.

2. UKALI UNAKAA WAPI

Kitu kinachowasha ndani ya pilipili huitwa kapsaisini. Wengi husema kinakaa kwenye mbegu. Ukweli ni kwamba kinatengenezwa kwenye ule utando mweupe wa ndani unaozishika mbegu. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Anayetaka ladha bila ukali mwingi aondoe utando huo.

Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kupima ukali. Alichanganya maji ya pilipili na maji ya sukari, akazidi kuyapunguza nguvu mpaka waonjaji wasisikie tena muwasho. Siku hizi hupimwa kwa mashine, lakini kipimo bado kina jina lake. Pilipili hoho, ile kubwa isiyowasha, ni 0. Pilipili kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000, na mara nyingine zaidi. Pilipili mbuzi huwa kati ya 100,000 na 350,000. Mwaka 2023 pilipili ya Marekani iitwayo Pepper X ilitangazwa kuwa kali kuliko zote duniani, kwa wastani wa 2,693,000. Hiyo hatuihitaji. Mnunuzi wetu anataka ya kulia ugali, si ya kumlaza chini.

Mwaka 1997 David Julius na wenzake walionyesha kwamba kapsaisini hugusa mlango uleule wa neva unaotupa habari ya kitu cha moto. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Ndiyo maana ulimi unalia "moto" ingawa hakuna moto. Ndege hawana shida hiyo. Mlango wao haufunguki kwa kapsaisini. Wanakula tunda na kuzitupa mbegu mbali, ndiyo maana pilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti. Kuku naye ni ndege. Usitegemee ukali umzuie. Atadonoa matunda na kuparua miche. Zungushia bustani yako miba au mabua tangu siku ya kwanza.

3. KITALU

Katika makazi ya kusini-magharibi mwa Uganda, mvua za kwanza huanza karibu na mwezi wa tatu na za pili karibu na mwezi wa tisa. Mche hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8. Basi sia mbegu mwishoni mwa mwezi wa kwanza, au katikati ya mwezi wa saba, ili mvua zikukute na miche tayari.

Kitalu si lazima kiwe ardhini. Kopo la mafuta, beseni lililopasuka au jerikani iliyokatwa katikati vinafaa, mradi utoboe matundu chini. Changanya makopo mawili ya udongo wa juu, kopo moja la samadi iliyooza vizuri na kopo moja la mchanga.

Loweka mbegu usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu. Zisie kwa kina kisichozidi sentimita 1, funika kwa nyasi kavu, weka mahali penye joto. Pilipili mbuzi ni mvivu wa kuota: siku 10 hadi 21, na pengine zaidi. Usifukue kutazama. Zikichomoza, ondoa nyasi siku ileile ili miche isirefuke na kulegea. Mwagilia asubuhi, si jioni, maana udongo ukilala umelowa miche huoza shingo na kuanguka.

4. KUHAMISHA NA KUTUNZA

Mche ulio tayari una urefu wa sentimita 12 hadi 15. Wiki moja kabla ya kuuhamisha, punguza maji na uuzoeshe jua. Hamisha jioni. Chimba shimo la sentimita 20, changanya udongo na viganja viwili vya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Acha sentimita 60 kati ya mche na mche. Safu ya mita 3 ukutani mwa nyumba inabeba miche 6, na miche 6 iliyotunzwa inatosha kulisha nyumba na kubakiza ya kuuza. Miche 6 yenye afya ni bora kuliko 20 inayosongana. Ndugu zetu walio Nyarugusu, Tanzania, ambao nafasi yao ni finyu, wanaweza kuweka mche mmoja katika chombo cha lita 20 au gunia lenye udongo.

Usipande pilipili mahali palipotoka nyanya, biringanya, viazi mviringo au tumbaku. Hizo ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni mamoja. Ngoja miaka mitatu, panda maharage au mahindi kwanza. Anayevuta au kusokota tumbaku anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa kuwa virusi vya tumbaku huhamia kwenye pilipili kwa njia ya mikono.

Maji tunayapata kwa foleni, kwa hiyo tusiyapoteze. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina ili unyevu ukae. Maji ya kuoshea mboga au kusuuza mchele yanafaa. Kiu kidogo wakati wa matunda huweza kuongeza ukali, lakini hupunguza mavuno; na kiu kikizidi maua yote hudondoka. Maua hudondoka pia kwa joto kali na kwa samadi nyingi kupita kiasi. Ukiona mti una majani mazuri meusi na hauzai, usiuongezee samadi.

5. WADUDU NA MAGONJWA

Geuza majani utazame chini yake mara mbili kwa wiki. Vidukari na inzi weupe hujificha huko, hunyonya maji ya mmea, na huleta virusi vinavyokunja majani. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji katika lita 5 za maji, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku 5. Matunda yenye tundu dogo yana funza ndani. Yaokote yote, yaliyoanguka na yaliyo mtini, uyazike kwa kina. Ukiyaacha chini, unafuga nondo wa msimu ujao.

Mti ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, ingawa udongo una unyevu, kata kipande cha shina la chini ukitumbukize katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mti na mizizi yake, choma, osha jembe, wala usipande ukoo ule mahali pale. Usimpe jirani miche kutoka kitalu hicho, hata akiomba kwa upendo.

6. MBEGU

Hapa ndipo somo letu lilipo. Tufuate hatua hizi.

Kwanza, chagua mti kabla ya kuchagua tunda. Tunda kubwa juu ya mti mgonjwa litakupa watoto wagonjwa. Tafuta mti uliosimama imara, usio na majani yaliyokunjamana, uliozaa sana, na wenye ukali unaoupenda. Funga uzi mwekundu kwenye tawi lake moja. Watoto, wageni na hata mama wa nyumba wajue: tawi la uzi haliguswi.

Pili, zuia kuchanganyika. Ua la pilipili huweza kujizalia lenyewe, lakini nyuki hubeba chavua kutoka mti hadi mti. Hapa tuondoe ugomvi unaojulikana. Mtu analima hoho, jirani analima pilipili kali, kisha wa kwanza analalamika kwamba hoho zake zimewasha kwa sababu ya pilipili ya jirani. Jambo haliko hivyo. Tunda la mwaka huu hufuata mti uliolizaa. Kinachochanganyika ni mbegu iliyo ndani yake, na utaiona utakapoipanda. Basi kama hoho yako inawasha mwaka huu, mbegu uliyopanda ilikuwa imekwisha kuchanganyika. Usimchukie jirani bure.

Ili kuzuia hilo, funika tawi la uzi kabla maua hayajafunguka. Tumia kipande cha chandarua kilichochakaa kabisa. Chandarua kizima ni cha mtoto, si cha pilipili. Tikisa tawi taratibu kila asubuhi ili chavua idondoke. Matunda madogo yakishashika, ondoa kitambaa, na uyafunge uzi matunda hayohayo. Yatakayotokea baadaye hayahesabiwi.

Tatu, ngoja tunda liive kabisa, libadilike rangi yote na kuanza kulegea. Mbegu ya tunda la kijani huota kwa shida.

Nne, vaa mfuko wa plastiki mkononi, pasua tunda, toa mbegu. Zianike kivulini penye upepo juu ya sahani au karatasi, si juani. Baada ya wiki moja au mbili, ikunje mbegu: ikivunjika badala ya kupinda, imekauka.

Tano, zifunge katika karatasi, tia ndani ya chupa kavu yenye kifuniko pamoja na majivu makavu. Andika aina na tarehe. Weka mahali pa giza na baridi, mbali na jiko. Zikitunzwa hivyo zinafaa kwa miaka miwili. Kabla ya kusia, weka mbegu 10 katika kitambaa chenye unyevu na joto. Zikiota 7 au zaidi, ni nzuri. Zikiota 3, sia mara mbili na utafute nyingine.

Sita, wagawie wengine. Nyumba mbili zikitunza mbegu moja, ugonjwa ukiingia kwako, mbegu yako ingali hai kwa jirani. Kati yetu wapo waliovuka mpaka na mbegu zilizofungwa kwenye pindo la kitenge, na hakuna kitu kingine cha shamba la nyumbani walichobaki nacho. Mbegu kama hiyo isikae katika chupa moja tu.

Na ninyi mnaongojea kuhamishiwa Marekani, Kanada au Australia, msizifiche mbegu mizigoni. Nchi hizo zina sheria kali kuhusu mimea, na mtaulizwa uwanja wa ndege. Mwachieni mtu atakayezipanda, mkimweleza zilikotoka.

7. KUVUNA NA KUHIFADHI

Pilipili mbuzi huanza kuiva miezi mitatu hivi baada ya kuhamishwa. Chuma pamoja na kikonyo chake. Bila kikonyo huoza upesi. Chuma mara kwa mara, mti utaendelea kuzaa. Ukiupogoa mwanzo wa mvua unaweza kukufaa miaka miwili au zaidi.

Anika juu ya kichanja au mkeka safi ulioinuliwa, usianike ardhini. Pilipili mbuzi ipasue kwanza, kwa kuwa ina nyama. Ingiza ndani jioni na mvua inapotisha. Imekauka ikitikiswa na kulia. Yenye ukungu itupwe yote. Usiisage ili kuficha, maana ukungu una sumu.

Wanaouza pilipili ya chupa wasikie hili. Pilipili mbichi ikizamishwa katika mafuta na kukaa majuma mengi kwenye joto, inaweza kuzaa sumu isiyo na harufu wala ladha. Pika mpaka maji yaishe, tia chumvi na siki, tumia chupa zilizochemshwa, tengeneza kidogo kwa mauzo ya siku chache.

8. UKALI NDANI YA NYUMBA YENYE WATOTO

Maji matupu hayaondoi kapsaisini mkononi, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta. Paka mafuta ya kula kwanza, sugua, kisha nawa kwa sabuni mara mbili. Ndipo umshike mtoto. Ikiingia machoni, usitie mafuta wala maziwa. Osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, na maumivu yasipopungua nenda kituo cha afya. Mdomo ukiwaka, maziwa husaidia kuliko maji. Usichome pilipili kavu ndani ya nyumba. Moshi wake humbana kifua mwenye pumu.

Kuna akina mama wanaopaka pilipili kwenye titi ili mtoto aache kunyonya. Mtoto hushika titi, kisha hushika macho. Tunawasihi wamwachishe polepole, kwa kupunguza nyakati za kunyonya na kuongeza uji.

Tena kuna nyumba, na twaseme wazi, ambamo mtoto aliyekosa hutiwa pilipili machoni, mdomoni au sehemu za siri. Hayo si malezi. Ni mateso, na sheria ya nchi hii haikubali ukatili juu ya mtoto. Wengi wetu tulikimbia watu waliotesa miili ya wengine. Tusiuendeleze ukatili ule ndani ya nyumba zetu kwa mmea tulioupanda kwa mikono yetu. Ukijua nyumba yenye jambo hilo, usinyamaze. Zungumza na wazazi, na mtoto akiwa hatarini wapashe habari wanaoshughulika na ulinzi wa watoto hapa makazini.

Mwisho, pilipili si dawa ya malaria wala ya minyoo. Haileti vidonda vya tumbo yenyewe, lakini aliye navyo inaweza kumwongezea maumivu, basi asilazimishwe kuila.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Mbegu ya pilipili tunayotumia ilitoka kwa nani, na mti wake ulikuwaje?
2. Ni mti gani bustanini mwetu unaostahili uzi mwekundu msimu huu?
3. Ni nyumba gani tutaigawia mbegu, nayo itutunzie?
4. Watoto wetu wanajua wafanye nini pilipili ikiingia machoni?
5. Je, kuna adhabu nyumbani mwetu inayopaswa kukoma leo?

Wenye mbegu nzuri walete kiganja kimoja katika kikao kijacho cha akina mama, zikiwa zimeandikwa aina na tarehe. Wasio nazo waje na karatasi ya kufungia.